Dozi Moja kwa Maambukizi Mepesi ya Njia ya Mkojo: Nani Inamfaa, Nani Haimfai

Saa nne za usiku, katika chumba cha dharura cha hospitali ya wilaya, anaingia mwanamke wa miaka 26 aliyeletwa na bodaboda kutoka Machochwe. Tangu asubuhi anakwenda haja ndogo kila baada ya muda mfupi. Mkojo unatoka kwa matone, unachoma, na chini ya kitovu pana mkazo usiotulia. Hana homa. Amemwacha mtoto wa miaka miwili kwa jirani, na alfajiri anataka kurudi, kwa maana mahindi yamekauka shambani na tembo wa hifadhi hawamsubiri mtu apone. Huyu si mgonjwa mmoja niliyemtibu siku fulani; ni mfano wa kufundishia. Lakini mhudumu yeyote aliyefanya zamu Mugumu, Nyamwaga au Tarime mjini amekwisha kumwona mara nyingi.

Aghalabu mwanamke huyu huondoka na vidonge vya siku kadhaa. Siku ya pili, maumivu yakipungua, vidonge vilivyosalia huwekwa juu ya kabati, na mwezi unaofuata hupewa shemeji anayelalamikia jambo kama hilo. Au huandikiwa sindano za seftriaksoni za siku tano, arudi kila jioni na kanula mkononi. Atarudi mara mbili, kisha nauli itamshinda. Ndipo linapozuka swali la makala haya: je, inawezekana kumtibu kwa dozi moja tu, akainywa au akachomwa mbele yetu, akaondoka na matibabu yamekwisha?

Inawezekana. Lakini dozi moja haipunguzi kazi, inaihamisha. Kazi ambayo mgonjwa angeifanya nyumbani kwa siku tano, ya kumeza vidonge kwa saa zake, sasa inamwangukia mhudumu ndani ya dakika kumi za mahojiano. Mhudumu asipoifanya, dozi moja huwa hatari kuliko vidonge vilivyosahauliwa juu ya kabati.

Kibofu na figo

Njia ya mkojo huanza figoni, hushuka kwa mirija miwili hadi kibofuni, kisha hutoka nje kwa mrija mmoja. Kwa mwanamke mrija huo wa mwisho una urefu wa sentimita 4 hivi, na mlango wake umekaa karibu na uke na njia ya haja kubwa. Bakteria aitwaye Escherichia coli, mkazi wa kawaida wa utumbo mpana, hana safari ndefu kufika kibofuni, na ndiye anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi haya. Kujamiiana humsaidia kusogea, na ndiyo maana wanawake walio katika umri wa kuzaa huugua zaidi. Kuugua huku si ushahidi wa uchafu wala wa uasherati. Nalisema mapema kwa sababu nimewahi kuulizwa na mume, mbele ya mkewe, ugonjwa huo "ameutoa wapi".

Tunaposema maambukizi ni mepesi tunamaanisha mambo mahususi: mgonjwa ni mwanamke mtu mzima, hana mimba, figo na kibofu chake havina kasoro inayojulikana, hana mpira wa mkojo, hana homa wala maumivu ya ubavuni, na vimelea vimo kibofuni tu. Neno "mepesi" halihusu ukali wa maumivu. Mwanamke anaweza kulia kwa uchungu na ugonjwa wake ukawa mwepesi. Mwingine akaja akitembea, akilalamikia mgongo tu, na figo zake zikawa zimekwisha kushambuliwa.

Tofauti hii ndiyo msingi wa dozi moja, nayo haikugunduliwa jana. Mwaka 1976 daktari Allan Ronald na wenzake wa Winnipeg, Kanada, walichapisha utafiti juu ya wanawake wenye bakteria katika mkojo. Walichunguza kwanza iwapo vimelea vimo kibofuni tu au vimepanda hadi figoni, kisha wakawachoma wote sindano moja ya kanamaisini. Wenye maambukizi ya kibofu walipona takriban tisa katika kila kumi. Wenye maambukizi ya figo, kwa dawa ile ile na kipimo kile kile, hawakufika theluthi moja. Ronald huyo huyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alishiriki kuanzisha ushirikiano wa utafiti wa magonjwa ya zinaa kati ya Chuo Kikuu cha Manitoba na Chuo Kikuu cha Nairobi, na baadaye alifanya kazi Kampala. Jina lake si geni kwa madaktari wa kanda yetu, ingawa wachache wanakumbuka sindano yake ya mwaka 1976.

Kwa nini iwe hivyo? Kibofuni bakteria wapo ndani ya mkojo na juu ya ngozi laini ya ndani ya kibofu. Dawa inayotolewa na figo hujikusanya katika mkojo kwa kiwango kikubwa kuliko kile kilichomo damuni, nayo huwaosha kwa siku mbili tatu. Figoni bakteria wamejichimbia ndani ya nyama ya kiungo chenyewe. Huko dawa haina budi kufika kwa njia ya damu, kwa kiwango cha kutosha na kwa siku nyingi. Kumpa mgonjwa wa figo dozi moja ni kama kufagia ua ilhali moto umo darini.

Dawa zenyewe

Dawa ya kunywa iliyotengenezwa hasa kwa dozi moja ni fosfomaisini, ambayo uvumbuzi wake ulitangazwa mwaka 1969 kutokana na vijidudu vya udongo wa Hispania. Hutolewa kama unga wa gramu 3, ukakorogwa katika nusu glasi ya maji na kunywewa mara moja, ikiwezekana tumbo likiwa tupu na kibofu kikiwa kimetoka kumwagwa, ili dawa ikae humo kwa muda mrefu. Huvunja hatua ya kwanza kabisa ya bakteria kujenga ukuta wake, na kwa sababu njia hiyo haifanani na ya dawa nyingine, bakteria wengi waliokwisha kuwa sugu kwa amoksilini na siprofloksasini bado huisikia.

Hata hivyo si dawa ya miujiza. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliowahusisha wanawake 513 wa Uswisi, Poland na Israeli. Nusu walipewa fosfomaisini mara moja, nusu wakapewa nitrofurantoini kwa siku tano. Baada ya siku 28, waliokuwa wamepona kabisa dalili zao walikuwa 70 katika kila 100 kwa nitrofurantoini, na 58 katika kila 100 kwa fosfomaisini. Matokeo haya nayachukulia kwa uzito. Mgonjwa anayeishi mita mia mbili kutoka hospitalini, anayeweza kumeza nitrofurantoini siku tano na kurudi akihitaji, apewe nitrofurantoini. Dozi moja naiona kuwa ya yule ambaye siku tano kwake ni ahadi tusiyoweza kuiamini: msafiri wa Sirari anayevuka mpaka asubuhi, mwanafunzi wa bweni anayeficha vidonge, mama wa Gorong'a ambaye safari yake moja hospitalini imemgharimu kuku wawili.

Dozi ya pili ya aina hii ni sindano ya kundi la jentamaisini na amikasini. Hapa pana jambo la kutufurahisha kidogo, kwa kuwa jentamaisini imo katika kabati za hospitali zetu, wakati fosfomaisini bado haijazoeleka nje ya miji mikubwa. Mapitio ya tafiti 13, zilizojumuisha wagonjwa zaidi ya 13,000, yalionyesha kwamba sindano moja ya kundi hili iliondoa bakteria mkojoni kwa zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi, na madhara yalikuwa machache sana. Dawa hizi hushikwa na figo na kutolewa polepole, hivyo mkojo hubaki na dawa kwa siku kadhaa baada ya sindano. Lakini mapitio hayo hayo yalionyesha kuwa baada ya mwezi mmoja baadhi ya waliopona walikuwa wamerudiwa. Takriban robo tatu tu walibaki salama.

Kipimo chake kinahitaji hesabu, na hesabu hii hukosewa. Kwa miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, mwanamke wa kilo 60 anahitaji miligramu 300. Ampuli tuliyoizoea ina miligramu 80 katika mililita 2. Basi ni karibu ampuli nne, yaani mililita 7.5. Kiasi hicho hakichomwi mahali pamoja kwenye msuli. Hugawanywa pande mbili, au huchanganywa na maji ya dripu na kupitishwa mshipani kwa nusu saa. Ampuli moja iliyochomwa kwa haraka ili "kumtuliza mgonjwa" siyo dozi moja inayozungumzwa hapa. Pia mjamzito hapewi, kwa kuwa dawa za kundi hili zinaweza kudhuru usikivu wa mtoto tumboni; hapewi mwenye ugonjwa wa figo, wala mwenye tatizo la masikio. Nami sipendekezi zahanati ianze kuichoma kwa uamuzi wa mtu mmoja. Ni ya hospitali yenye daktari, ndani ya mwongozo wa taifa wa matibabu na kwa ridhaa ya kamati ya dawa.

Zipo dawa ambazo hazifai kupewa kwa mtindo huu hata kidogo. Amoksilini ya gramu 3 kwa mara moja ilijaribiwa Marekani mwaka 1978 na ikafanya vizuri kwa maambukizi ya kibofu, lakini E. coli wa siku hizi wengi wameizoea. Siprofloksasini mbili zinazouzwa dukani zikifungwa kwenye kipande cha gazeti si dozi moja. Ni dozi iliyokatwa.

"UTI" ya mkoa wetu

Katika Kiswahili cha leo neno "UTI" limekuwa jina la kila kitu. Mtu ana maumivu ya kiuno, UTI. Ana uchovu, UTI. Malaria ikikosekana kwenye kipimo, UTI. Ikirudi mara mbili huitwa "UTI sugu", na hapo ndipo sindano za siku tano huanza.

Kati ya mwaka 2018 na 2020 mradi wa utafiti uitwao HATUA uliwachunguza wagonjwa wenye dalili za maambukizi ya njia ya mkojo nchini Kenya, Uganda na Tanzania. Kwetu ulifanyika Mwanza, Kilimanjaro na Mbeya. Mkoa wa Mara haukuwemo, lakini Mwanza ni jirani yetu na ndiko wagonjwa wetu wanakopelekwa Bugando. Kati ya wagonjwa 7,583, waliothibitika kuwa na maambukizi baada ya mkojo kuoteshwa maabara walikuwa 35 katika kila 100. Kwa maneno mengine, karibu wawili kati ya watatu waliokuja na dalili hawakuthibitika. Na miongoni mwa bakteria waliopatikana, takriban nusu walikuwa sugu kwa dawa za makundi matatu au zaidi. Tanzania ilikuwa na hali mbaya kuliko majirani zake wawili.

Takwimu hizo mbili zinapaswa kusomwa pamoja. Tunawapa antibiotiki watu wengi wasiozihitaji, na hao wachache wanaozihitaji tunawapa ambazo hazifanyi kazi. Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki katika makundi matatu: za kutumiwa kwanza, za kutumiwa kwa uangalizi, na za akiba. Nitrofurantoini na jentamaisini zimo katika kundi la kwanza. Siprofloksasini, seftriaksoni na fosfomaisini ya kunywa zimo katika la pili. Inashangaza kwamba mazoea yetu yameanzia kundi la pili, tena kwa sindano, kwa ugonjwa ambao dawa ya kundi la kwanza ingeutosha.

Maswali ya dakika kumi

Nirudi kwa mwanamke wa Machochwe. Swali la kwanza ni homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavuni. Usiishie kuuliza, mgeuze, piga taratibu kwa upande wa ngumi chini ya ubavu wa mwisho mgongoni, kulia na kushoto. Akishtuka kwa maumivu upande mmoja, habari ya dozi moja imekwisha. Katika wilaya zenye malaria homa ina sababu nyingi, na kipimo cha malaria kifanyike. Lakini kipimo kuonyesha malaria hakuondoi uwezekano wa figo kuwa zimeambukizwa. Mgonjwa mwenye homa na dalili za mkojo asihesabiwe kuwa mwepesi.

Swali la pili ni ute usio wa kawaida au muwasho ukeni. Mwanamke anayekojoa mara kwa mara kwa maumivu, wala hana ute wala muwasho, ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 90 wa kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, hata kabla ya kipimo. Akiwa na ute au muwasho, uwezekano hushuka sana, na inabidi kufikiri juu ya fangasi, kisonono, pangusa na magonjwa mengine ya uke. Hii ni kweli zaidi pale penye watu wengi wanaohama hama, kama Nyamongo mgodini na Sirari mpakani. Na mwanamume kijana anayechomwa na mkojo, hasa akitokwa na usaha, mara nyingi ana ugonjwa wa zinaa. Hawezi kuwa mgonjwa wa dozi moja inayozungumzwa hapa.

Swali la tatu ni mimba, nalo lisiulizwe tu, lipimwe. Mjamzito mwenye bakteria mkojoni anahitaji tiba ya siku nyingi zaidi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza siku saba kwa mjamzito mwenye bakteria hata kama hana dalili, kwa sababu maambukizi yakipanda figoni humhatarisha yeye na mtoto.

Hapa nina deni la kusema. Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari kijana katika hospitali moja ambayo sitaitaja, nililetewa binti aliyekuwa akikojoa kwa maumivu. Alikuwa na mama mkwe wake, ambaye ndiye aliyejibu kila nilichouliza, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kikurya. Nilipouliza kama siku zake zimepita, mama mkwe alisema hapana, na binti akatazama chini. Nilikuwa na wagonjwa kumi na wanne wanaosubiri. Nilimchoma jentamaisini mara moja, nikajivunia kuwa nimempunguzia safari. Siku ya nne alirudishwa akitetemeka, joto nyuzi 39.5, ubavu wa kulia haugusiki. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu ambayo hakuwa amemwambia mtu. Alilazwa siku nane. Mimba ilisalimika, lakini hadi mtoto alipoletwa kliniki nilikuwa nikijiuliza kama atasikia. Alisikia.

Kosa langu halikuwa kutojua dawa. Nilijua. Kosa lilikuwa kuuliza swali la siri mbele ya mtu ambaye binti yule asingeweza kumwambia kweli. Tangu hapo mgonjwa huwa napata naye dakika tatu peke yake. Muuguzi humwita msindikizaji akaandikishe jina dirishani, au tunamwomba mgonjwa aende kutoa mkojo na muuguzi anamfuata. Mkalimani asiwe ndugu wa mume. Na tuchague maneno: ulizia "mwenzi" badala ya "mume", kwa maana katika jamii ya Wakurya yupo mwanamke aliyeolewa katika nyumba ntobhu, ambapo aliyemlipia mahari ni mwanamke mwenzake, naye anayezaa naye ni mtu mwingine. Swali la "mumeo yuko wapi" humfunga mdomo.

Yapo mambo mengine yanayouondoa ugonjwa katika wepesi: kisukari, selimundu, mawe ya figo, kulazwa hospitalini karibuni, maambukizi yaliyokwisha kurudi mara kadhaa mwaka huu. Lipo pia lile ambalo watu wa Mara wanalifahamu bila kulitaja. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kuwa mwanamke mmoja kati ya watatu hivi wa mkoa huu amekeketwa. Kovu likiziba au kubana mlango wa mkojo, mkojo hukawia, na penye mkojo uliokawia bakteria hustawi. Mwanamke anayeeleza kwamba humchukua dakika nyingi kumaliza haja ndogo, au kwamba mkojo huenda upande, aombwe ridhaa na aangaliwe, kwa staha na bila mahubiri. Huyo anahitaji mtaalamu. Dozi moja itampa nafuu ya wiki mbili tu.

Na mkojo wenye damu usikimbiliwe kuitwa UTI kwa mtu aliyekulia Shinyanga au Simiyu, ambako kichocho cha mkojo kipo.

Kipimo cha kijiti kinasaidia, lakini mkojo wenyewe uwe mzuri: chombo safi, mkojo wa katikati baada ya ule wa kwanza kumwagwa, na upimwe mara moja. Mkojo uliokaa dirishani saa tatu kwenye joto la mchana huotesha bakteria ambao mgonjwa hakuja nao. Majibu yanayosema "seli za usaha 2 hadi 4" kwa mtu asiye na dalili hayahitaji dawa yoyote.

Baada ya dozi

Haya yanamhusu zaidi mgonjwa, na mhudumu anaweza kuyasoma pamoja naye.

Dozi moja haimaanishi kupona usiku huo huo. Bakteria hupungua haraka, lakini kibofu kilichovimba huchukua siku mbili hadi tatu kutulia. Jambo hili lisiposemwa, matibabu mazuri huharibika: mgonjwa huamka kesho yake bado anachomwa, anasema "dawa imegoma", anapita duka la dawa muhimu na kununua vidonge vinne vya siprofloksasini. Ameongeza dawa isiyohitajika juu ya dawa iliyokuwa ikifanya kazi. Maumivu ya siku hizo mbili yatulizwe kwa parasetamoli na maji. Wala sindano haina nguvu kuliko unga au kidonge kwa sababu tu inauma. Kinachotazamwa ni kama dawa inafika kibofuni na kama bakteria wanaisikia.

Nitrofurantoini ikichaguliwa, imezwe pamoja na chakula ili isichafue tumbo, siku zote tano, na mkojo kugeuka rangi ya kahawia kusimtishe mtu. Asipewe mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, maana chembe zake za damu zinaweza kuvunjika, wala mjamzito aliyekaribia kujifungua.

Kuhusu maji pana ushahidi mzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika Bulgaria kwa wanawake 140 waliokuwa wakiugua mara kwa mara na wakinywa maji kidogo, uliwataka nusu yao waongeze lita 1.5 kila siku. Kwa mwaka mmoja walioongeza waliugua wastani wa mara 1.7, wasioongeza, mara 3.2. Hakuna antibiotiki iliyo rahisi hivyo. Lakini tusiagize tu "kunywa maji mengi" kana kwamba ni jambo jepesi. Mwanamke anayeponda mawe ya dhahabu Nyamongo, au anayeuza nguo mnadani kutwa nzima, hanywi maji kwa sababu anajua hana choo cha kwenda. Anabana mkojo hadi jioni. Swali la kumuuliza ni choo kiko wapi anapofanyia kazi, na nani anakilipisha.

Arudi hospitalini siku yoyote, hata usiku, akipata homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni. Arudi pia ikiwa baada ya siku tatu hakuna nafuu yoyote, au dalili zikirudi ndani ya wiki mbili. Mgonjwa aliyerudi hapewi dozi moja ya pili. Mkojo wake uoteshwe ijulikane ni bakteria gani na anasikia dawa gani, hata kama sampuli italazimika kwenda Musoma au Mwanza. Aliyepona hana haja ya kupimwa tena mkojo.

Mwanamke wa Machochwe, basi: hana homa, mgongo haumuumi ukigongwa, hana ute wala muwasho, kipimo cha mimba hakikuonyesha mimba, hana kisukari, hajaugua hivi mwaka huu, na dakika tatu za peke yake hazikufichua jambo jingine. Akinywa unga wa gramu 3 mbele ya muuguzi, au akipewa jentamaisini kwa uzito wake pale unga usipokuwepo, anaweza kuondoka alfajiri. Katika rejesta ya MTUHA asiandikiwe "UTI" peke yake. Iandikwe: maambukizi ya kibofu, mepesi, hana mimba, imepimwa, hana homa, jina la dawa, miligramu, saa aliyopewa, na namba ya simu ambayo muuguzi wa zamu atampigia siku ya tatu, iliyotajwa na mgonjwa mwenyewe akiwa peke yake.